Uzito wa Raia Pazi

"Usinionyeshe tena huo mshale," Sikudhani alisema. "Mshale nimeuona. Nakwambia mtoto hajaongezeka."

Nesi Fausta aligonga kioo cha mzani kwa ukucha. "Kilo saba na nusu, Mama Pazi. Mwezi jana alikuwa saba na gramu mia tatu na hamsini. Kadi inapanda, nukta iko kwenye kijani. Wenzako wakipata kijani wanashukuru, wewe unagomba."

"Nagomba kwa sababu umepima mtoto na bastola."

Foleni nzima iligeuka. Pazi, mwenye umri wa miezi minane, alikuwa ananing'inia ndani ya kaptula ya mzani katikati ya ukumbi, miguu imelegea, bastola yake imefungwa kiunoni kwa mkanda wa ngozi, na mfuko wa risasi umemlalia pajani. Hakuwa analia. Siku hizi alikuwa halii kabisa, na jambo hilo lilimtia mama yake hofu kuliko kilio chochote.

"Kwa hiyo ulitaka nimpime vipi?" Nesi aliuliza polepole, macho yakiwa kwenye mlango wa ofisi ya ndani.

"Akiwa amevaa nguo, akiwa uchi, vyovyote. Chuma tu ndicho sikitaki."

"Mama Pazi, punguza sauti."

Sikudhani hakupunguza. Alikuwa mpokea magunia kwenye mashine ya kusaga kwa miaka tisa, mahali ambapo mtu hupaza sauti au hasikiki. Ukimpa debe la mahindi atakuambia limepungua vikombe vingapi kabla hajalitua chini. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumdanganya kuhusu mzigo anaoubeba mgongoni kila siku, na mzigo huu, kwa miezi mitatu sasa, ulikuwa unapungua huku kadi ikisema unaongezeka.

*

Nchi hii, kwa wasioijua, ni nchi ya amani, na amani yake hubebwa kiunoni.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Bunge lilibishana miezi miwili. Upande mmoja ulisema mwananchi abebe silaha yake chini ya shati, kwa adabu. Upande wa pili ukasema anayeficha ana lake jambo, kwa hiyo abebe juu ya shati, aonekane. Mbunge mmoja wa kule mpakani aliuliza kama mtu anaweza kutobeba kabisa. Spika alimjibu kwamba swali hilo liko nje ya mada, na kwenye kumbukumbu za Bunge iliandikwa kuwa Mheshimiwa alikohoa.

Ikapita Sheria ya Kubeba Bila Kuficha. Waziri aliahidi kwamba siku kila mtu atakapoiona silaha ya kila mtu, shaka itakwisha nchini. Nia ilikuwa njema. Ikawa mwenye bastola ndogo anashukiwa kuwa kubwa ameiacha nyumbani. Mwenye kubwa akashukiwa kuwa anajua jambo ambalo wengine hawajaambiwa. Na aliyeogopwa kuliko wote alikuwa mwenye mikono mitupu, maana asiyeonekana na kitu bila shaka amekificha. Majirani waliacha kuazimana chumvi. Misibani watu waligombania kuegemea ukuta, na katikati ya chumba akabaki marehemu peke yake.

Halafu mtu mmoja, pengine kwa utani, akauliza haki hii inaanza lini. Bunge lilikaa siku kumi na moja juu ya swali hilo. Jibu likatoka kwamba haki inaanza na pumzi.

Tangu hapo kila mtoto, siku ya arobaini anapotolewa nje, hufungwa bastola iliyoandikwa jina lake. Kifungu cha tisa kinasema silaha ya raia haiguswi na asiye mwenyewe, wala haitengani na mwili wake ila kwa hiari yake. Mama amepewa ruhusa maalumu ya kuisogeza tu, ndiyo maana watoto wa nchi hii huogeshwa upande mmoja mmoja. Na kila mwezi mtoto akija kliniki hupewa nyongeza, gramu mia mbili za risasi, zinatiwa mfukoni mwake papo hapo kabla ya kupimwa. Zamani nyongeza hiyo ilikuwa paketi ya unga wa lishe. Gari linaloileta ni lile lile, na dereva ni yule yule.

Mwaka wa kwanza wa utaratibu huo, utapiamlo uliisha. Wizara ilichapisha mchoro, mstari unapanda kama ngazi. Zile tepe za kupimia mkono wa mtoto zilikusanywa kutoka zahanati zote, kwa kuwa zilionekana zinapingana na mzani. Wodi ya lishe ya hospitali ya wilaya iliachwa wazi, na vitanda vyake kumi na viwili, manesi wawili na jiko la uji wa maziwa, ili wageni waheshimiwa wanaotembelea nchi waje waone ilivyo tupu. Kuingia pale kama mgonjwa kulihitaji kadi ya kliniki yenye nukta kwenye eneo jekundu.

Nukta hiyo ndiyo iliyomleta Sikudhani. Hakuwa na shida na sheria. Bastola yake mwenyewe ilikuwa kiunoni juu ya khanga, inaonekana pande zote, kama inavyotakiwa.

*

"Mwacheni," alisema mwanamke mmoja kwenye foleni. "Anataka mwanawe awe mnyonge ili ahurumiwe."

"Wa kwangu ana meno mawili na risasi sabini," alisema mwingine. "Sijawahi kulalamika."

Sikudhani aligeuka. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa Mama Chiku, jirani yake wa mtaa wa pili, ambaye zamani walikuwa wanasukana nywele. "Chiku amepanda?" akamuuliza.

"Amepanda."

"Kiasi gani?"

Mama Chiku aliificha kadi kifuani. "Unataka kujua kwa nini?"

"Kwa sababu Jumatatu ulikuja kwangu kuomba maji ya chumvi na sukari. Mtoto anaharisha wiki nzima, halafu anapanda. Anapanda na nini?"

Mama Chiku alimtazama mwanawe, akautazama mfuko uliovimba pajani pake, akatazama pembeni. "Mimi sijaja hapa kuulizwa hesabu," akasema. "Na sijui umetumwa na nani."

Neno hilo lilipita kwenye foleni kwa kasi. Ametumwa. Wanawake wawili walisogea hatua moja nyuma. Askari wa mlangoni, aliyekuwa amesinzia, alisimama wima na kurekebisha bunduki yake begani.

Ndipo mlango wa ofisi ya ndani ulipofunguka, akatoka Bwana Makorongo, Msimamizi wa Haki za Raia Wachanga katika kata ile. Ofisi yake ilikuwa kile chumba kilichokuwa stoo ya unga wa lishe, na suruali yake nyeusi ilikuwa bado inachafuka weupe kidogo kila alipoegemea rafu. Kiunoni alikuwa na bastola mbili, moja yake na moja ya cheo.

"Nasikia mtu anataka kumvua raia silaha," alisema.

"Nataka mwanangu apimwe, Mheshimiwa."

"Amepimwa. Yuko kijani." Alimtazama Sikudhani kuanzia kichwani hadi miguuni, macho yakaishia kwenye bastola yake, akaihesabu. "Mama, umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Mumeo anajua uko hapa?"

"Ndiye aliyeniambia niwahi foleni."

"Mna ndugu nje ya nchi?"

"Hatuna."

"Mngekuwa nao mngesema?"

Sikudhani alifikiri swali hilo halina jibu zuri, akalijibu kwa swali lake. "Wewe una mjukuu, Mheshimiwa? Anapimwa wapi?"

"Nje ya nchi," alisema Makorongo kabla hajajizuia. Alikohoa, na mtu angeweza kudhani yuko bungeni. "Kwa sababu za kifamilia. Tusitoke kwenye mada. Sheria yetu haikandamizi mtu. Kama raia huyu hataki silaha yake, atasema mwenyewe. Leteni meza."

*

Utaratibu wenyewe unaitwa Kikao cha Kumsikiliza Raia. Ulitungwa na wataalamu, na tangu utungwe hakuna raia mchanga aliyewahi kukata rufaa.

Meza iliwekwa chini ya mzani. Pazi alitolewa kwenye kaptula akakalishwa juu ya khanga, mama yake akimshikilia mgongoni, maana peke yake alikuwa anaanguka. Askari aliamriwa aondoe kofia. Nesi Fausta alipewa daftari la kumbukumbu na kuambiwa aandike kila kitu.

Makorongo aliinama mbele ya mtoto, akasoma kwenye kijitabu chake kidogo. "Raia Pazi bin Shomvi. Je, kwa hiari yako, bila kushawishiwa na mzazi, mlezi wala dola ya kigeni, unataka kuitua silaha yako?"

Pazi alimtazama. Macho yake yalikuwa makubwa kuliko yalivyokuwa zamani, au uso ndio uliokuwa umepungua.

"Naomba iandikwe, raia ametafakari," alisema Makorongo. Aliuliza mara ya pili, kwa sauti ya juu zaidi. Kisha mara ya tatu, kwa upole, kama kijitabu kilivyoelekeza. "Andika, raia amekaa kimya kwa heshima."

"Hajui kusema," alisema Sikudhani. "Ana miezi minane."

"Hilo limefikiriwa, mama. Sisi hatukurupuki." Makorongo alifungua ukurasa mwingine. "Asiyesema huchagua kwa mkono. Nesi, kuna uji?"

"Uji wangu wa chai ya saa nne," alisema Nesi Fausta.

"Utafaa."

Kikombe cha uji kikawekwa upande wa kushoto wa mtoto. Bastola yake ikageuzwa kiunoni, na mama ndiye aliyeigeuza, kwa ruhusa yake ya kusogeza, ikawa mkono wa kulia. Makorongo aliwaeleza waliokuwepo kwamba raia akinyoosha mkono kwenye kikombe atakuwa ameikataa silaha, na akinyoosha kwenye bastola atakuwa ameithibitisha, na kwamba duniani kote hakuna nchi nyingine inayompa mtoto wa miezi minane uhuru wa namna hiyo. Foleni ilisogea kutazama. Hata Mama Chiku alichungulia.

Pazi hakunyoosha mkono.

Uji ulikuwa unatoa mvuke na harufu ya tangawizi. Makorongo alikisogeza kikombe kidogo, kwa haki, kisha akaigonga bastola kwa kalamu ikalia, kwa haki pia. Askari, ambaye alikuwa na watoto wanne na alikuwa ameanza kusahau yuko wapi, alitikisa funguo zake mbele ya uso wa mtoto kama mtu anavyofanya kwa mtoto yeyote.

Kichwa cha Pazi hakikugeuka. Macho yalizifuata funguo kidogo, yakachoka, yakarudi.

Sikudhani alikuwa amelea watoto wawili kabla ya huyu. Alijua mtoto wa miezi minane ni mwizi. Huvuta hereni na mkufu, hupindua kikombe, hutia ufunguo mdomoni, ukimpokonya hiki amekwisha kamata kile. Alipokuwa na miezi mitano Pazi huyu huyu alimpasua baba yake shavu kwa kucha. Sasa uji ulikuwa shubiri moja kutoka vidole vyake, na vidole vimelala juu ya khanga kama si vyake.

"Basi," alisema Makorongo, akinyoosha mgongo. "Andika. Raia alipewa nafasi kamili ya kuchagua. Hakupinga. Kikao kimefungwa. Mama, hongera, una mtoto mtulivu."

"Mtulivu," alisema Sikudhani.

"Wengine hupiga kelele."

Nesi Fausta alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa anaitazama mikono ya mtoto, na aliona kwamba Sikudhani amemwona anaitazama.

"Nesi," alisema Sikudhani. "Ungekuwa na ile tepe ya mkono, ungepima ukute nini?"

"Tepe zimekusanywa, Mama Pazi."

"Sijakuuliza ziko wapi."

Nesi aliitazama kadi. Lakini hakusema kijani.

Sikudhani alimlaza Pazi chali. Akaushika mkanda. Kifungo chake kilikuwa kigumu, kwa kuwa kilitengenezwa kisifunguke, akaking'oa kwa meno. Bastola ikatoka kiunoni mwa mtoto na mfuko wa risasi ukaifuata, na chini yake ikaonekana alama nyekundu ya mkanda iliyozunguka kiuno kizima, na juu ya alama hiyo mbavu. Akaviweka vyote sakafuni, katikati ya ukumbi, kwa upole kama mtu anayetua mayai.

Mikono mingi iligusa viuno.

"Umemwibia raia," alisema Makorongo. Alionekana ameshangaa kwa dhati. "Mbele ya mashahidi. Askari, okota silaha hiyo umfungie mtoto."

Askari alisogea, akasimama. Aliisoma ile bastola pale chini, herufi zilizochongwa ubavuni mwake. "Kuna jina, Mheshimiwa."

"Najua kuna jina."

"Si jina langu. Kifungu cha tisa. Nikiigusa nami nimeiba."

"Nakuamuru."

"Naomba amri hiyo kwa maandishi, Mheshimiwa, na jina lako chini."

Makorongo alimtazama kwa macho ya mtu anayejiuliza askari huyu ametumwa na nani. Akainama mwenyewe. Mkono wake ulifika karibu, kisha akainua kichwa, akakuta wanawake arobaini wenye silaha wanamtazama kwa makini, na kila mmoja wao akiwa shahidi mzuri mahakamani. Akaurudisha mkono mfukoni.

"Mama aliyeivua ndiye airudishe," alisema.

"Mimi nimekwisha kuwa mwizi," alisema Sikudhani. "Unataka niiguse tena iwe mara mbili? Hapana. Nifungulie kesi moja, inanitosha." Alikwisha mwinua Pazi na kumtia kwenye kaptula ya mzani. Akainua mikono yote miwili juu, watu wote waione kuwa haishiki kitu. "Nesi. Soma."

Mshale ulitikisika, ukashuka, ukaendelea kushuka. Ulipotulia, Nesi Fausta aligonga kioo, kwa mazoea tu. Haukusogea.

"Tano," alisema. "Tano na gramu mia tatu."

"Usiandike," alisema Makorongo. "Huo si uzito wa raia. Ni uzito wa sehemu ya raia."

"Kinachokataza ni kifungu gani, Mheshimiwa?"

Nesi aliuliza kwa adabu kabisa, kalamu mkononi, kama mwanafunzi anayetaka kujua. Makorongo alifungua kijitabu chake. Alikwenda kwenye tisa, akasoma midomo ikicheza, akaenda kumi, akarudi nne. Kulikuwa na kifungu kuhusu risasi zilizolowa, na kifungu kuhusu mapacha. Alilamba kidole akageuza ukurasa.

Nesi Fausta hakusubiri afike mwisho. Aliandika tarehe. Akaandika 5.3. Akafuata mstari wa miezi minane kwa ncha ya kalamu kutoka juu, akapita kijani, akapita kijivu, akaweka nukta nzito katikati ya nyekundu. Akachukua muhuri wa zahanati, akaugonga ubavuni mwa nukta, halafu akachana karatasi ya rufaa ya hospitali akaandika kwa haraka, mwandiko ukilala. Alipomaliza alimpa Sikudhani karatasi zote mbili.

"Nenda sasa hivi," alisema. "Usipitie nyumbani. Wakikuambia wodi ni ya wageni, waonyeshe muhuri. Wakikuuliza nani aliyepima, jina langu liko hapo."

"Limeonekana, dada yangu," alisema Sikudhani.

Alimtoa Pazi kwenye kaptula, akainama, akamlaza mgongoni na kukaza mbeleko mara mbili, kwa kuwa kulikuwa na nafasi. Kadi na rufaa akavitia kifuani. Kisha akafikiri, akavitoa, akavishika mkononi vionekane.

Alipopita mlangoni, Makorongo alikuwa amefika kifungu cha thelathini na moja, na askari alikuwa amesimama ametanua miguu juu ya bastola ya mtoto, akilinda mtu asiiguse. Nyuma yake alisikia Mama Chiku akisema, kwa sauti ndogo yenye hasira, "Nesi, na mimi nataka kujua hicho kifungo kinafunguliwaje."

Njia ya hospitali ilikuwa ya mwendo wa nusu saa. Sikudhani alitamani kukimbia, lakini katika nchi ile anayekimbia hushukiwa, na anayeshukiwa huwa hafiki. Kwa hiyo alitembea, kwa haraka yote ambayo sheria iliruhusu, na mgongo wake ulikuwa mwepesi, na sasa alijua ni mwepesi kiasi gani.